Mgongo wa Friji

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam friji haikai jikoni. Inakaa sebuleni karibu na televisheni, imevishwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamepangwa maua ya plastiki, picha ya mahafali na chaja za simu za nyumba nzima. Sina ugomvi na mpangilio huo. Jiko lenyewe mara nyingi liko uani, au ni kijichumba ambamo watu wawili hawapishani, na kitu kilichonunuliwa kwa pesa ya upatu kina haki ya kuonwa na wageni. Ndiyo maana mlango wake hufutwa kila asubuhi ukang'aa. Lakini isogeze friji hiyo hatua moja kutoka ukutani, uchungulie nyuma. Utakuta vumbi lililoshikana na mafuta, utando wa buibui, kifuniko cha chupa kilichopotea tangu Idi, kinyesi cha mende, na kijisahani chenye maji ya rangi ya chai.

Friji zetu nyingi huugulia huko nyuma, wakati sisi tunafuta mbele.

Mashine hii haitengenezi baridi, inahamisha joto. Joto la maharage ya jana, la maji yaliyowekwa mchana, na la hewa iliyoingia mtoto alipofungua mlango kuangalia tu kuna nini, lote hubebwa na gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Kompresa, lile dude jeusi lililokaa chini kabisa kwa nyuma, huisukuma gesi hiyo hadi kwenye wavu wa mabomba membamba, na hapo joto humwagwa hewani. Wavu ukifunikwa na vumbi, joto linakosa njia. Kompresa ambayo ingefanya kazi kidogo ikapumzika, haipumziki tena. Isikilize usiku nyumba ikiwa kimya: friji yenye afya huwaka, ikazima, ikawaka tena. Inayokoroma tangu Isha hadi Alfajiri bila kituo ina jambo. Na kama unataka ushahidi wa pesa, kabla ya kulala zima kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki kwenye LUKU, kisha soma tena alfajiri. Rudia usiku wa siku utakayosafisha mgongo wake, ulinganishe.

Kusafisha kwenyewe hakuna elimu kubwa. Chomoa plagi kabisa, usitosheke na swichi. Chukua brashi laini ya kupakia rangi, iliyo kavu, ushuke nayo kutoka juu kwenda chini bila kuyapinda mabomba. Vumbi lililoshikwa na mafuta ya kukaangia litoke kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni na kukamuliwa sana. Usimwage maji huko, maana ubavuni mwa kompresa kuna kiboksi chenye viungio vya umeme, na mende wanakipenda kwa sababu ya uvuguvugu wake. Mara mbili kwa mwaka zinatosha kwa nyumba ya kawaida. Aliye kando ya barabara ya vumbi, au anayepikia mkaa karibu, aongeze. Wa Kigamboni, Tanga, Mombasa na Unguja wana adui mwingine, hewa ya chumvi, inayokula bati la chini na miguu ya friji. Hao waweke stendi na waache tabia ya kudeki sebule kwa ndoo za maji yanayorukia huko chini.

Friji nyingi za siku hizi hazina wavu wa kuonekana. Mabomba yamefichwa ndani ya kuta za pembeni, ndiyo maana ukiigusa ubavuni unaona imepata joto, na wenye nyumba hudhani inataka kuungua. Haiungui, ndiko inakopumulia. Tatizo ni lile kava la mifuko linaloning'inia ubavu mzima, na ile desturi ya kuibana friji kati ya kabati na ukuta ili isichukue nafasi. Acha upana wa kiganja nyuma na pembeni. Kitambaa cha kufuma kibaki juu, kisishuke.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi. Ndani ya friji, mara nyingi karibu na droo ya mboga, kuna kibandiko chenye herufi: SN, N, ST au T. Herufi hizo zinasema friji iliundwa kufanya kazi katika chumba cha joto gani. SN ni nyuzi 10 hadi 32 za Selsiasi, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Sebule ya bati lisilo na dari kule Buguruni, saa tisa alasiri ya mwezi wa Februari, inaivuka 32 bila jasho. Friji ya mtumba iliyotoka Ulaya ikiwa na herufi N au SN itagandisha, sikatai, lakini itafanya kazi ya punda siku zote, na muuzaji atakuwa ameshahama kibanda. Wenzetu wa Njombe na Makete wana kasheshe ya upande wa pili: Julai jiko likiwa na baridi kuliko kipimo cha chini cha herufi yake, friji huona imeshafika, ikatulia, na nyama ya friza ikaanza kulainika.

Mtumba huo una hatari nyingine inayokaa kwenye plagi. Friji za Ulaya huja na plagi ya pini mbili za mviringo, soketi zetu ni za matundu matatu. Kila mtu anajua dawa yake: unachomeka kalamu au njiti kwenye tundu la juu, pini zinaingia kwa nguvu, friji inawaka. Tundu hilo la juu ndilo la waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini ukivuja. Umeshauruka. Siku maji yakipenya kwenye viungio, anayefungua mlango akiwa peku ndiye atakuwa waya wa ethi. Friji inayokupiga vijishoti vya kutekenya haijakuzoea, inakuonya. Fundi abadilishe plagi, aweke ya pini tatu yenye waya zote tatu, na ahakikishe nyumba yenyewe ina ethi.

Nirudi kwenye kile kijisahani. Kwenye ukuta wa nyuma, ndani ya friji, maji ya unyevu huteremka hadi kwenye kitundu kidogo, hupita kwenye mrija, na kudondokea kwenye sahani iliyowekwa juu ya kompresa ili joto lake liyakaushe. Mambo mawili huharibika hapo. Kwanza, kitundu huziba kwa punje ya wali au jani la mchicha, na maji yakarudi ndani; dimbwi unalolikuta kila asubuhi chini ya droo ya mboga halitokani na droo. Zibua kwa kijiti chenye pamba, kisha sukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Pili, sahani ile isipokauka, hasa kwenye friji inayozimwa zimwa, inakuwa bwawa la mbu ndani ya nyumba. Aedes, yule mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kueneza dengue, hapendi mito wala madimbwi makubwa. Anataka maji kidogo yaliyotulia karibu na watu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na safari zote mbili tulihimizwa kumwaga maji kwenye matairi na vyungu vya maua. Sahani ya friji nayo imo katika orodha ya mazalia yake.

Sasa kisu.

Hewa ya pwani imejaa maji. Kila mlango unapofunguliwa, hewa hiyo huingia na maji yake hugandia mahali penye baridi kuliko pote, yaani kuta za friza. Chungu kisichofunikwa kinaongeza mvuke wake. Baada ya wiki kadhaa friza imekuwa pango jeupe, na mwenye nyumba anafurahi kwamba friji yake ina nguvu. Kumbe ile barafu ni blanketi: inakizuia chakula kisiifikie baridi iliyo ukutani, na kompresa inazidi kuhangaika. Ikifika nusu sentimita ni wakati wa kuyeyusha. Wengi tunangoja mpaka mfuniko wa friza ugome kufunga, mgeni yuko mlangoni, kuku ameng'ang'ania, na hapo ndipo kisu cha jikoni kinapoitwa.

Kuta za friza katika friji nyingi za mlango mmoja ni alumini nyembamba, na mabomba ya gesi yamepita ndani ya bati hilo hilo. Ncha ikipenya utasikia mlio mfupi wa hewa, basi. Siku mbili baadaye mazungumzo yanakuwa ya aina moja mtaa hadi mtaa:

"Fundi, haigandishi."

"Mlichokonoa barafu kwa kisu, mama?"

"Aa, labda watoto."

Alumini haichomelewi kwa urahisi kama shaba. Fundi ataziba kwa gundi, atajaza gesi, na kazi hiyo huenda ikadumu au isidumu. Kwenye lile tundu hewa yenye unyevu imeshaingia mabombani, na unyevu ndani ya mfumo huganda mahali pembamba na kuziba njia. Ukipiga hesabu, kisu kimekula friji nzima.

Chagua siku za mwisho wa mwezi, kabla ya mshahara, friji ikiwa haina cha kuonea huruma. Chomoa. Kilichobaki kiwekwe kwenye kulibaksi au kizungushiwe blanketi ndani ya ndoo. Tandika matambara sakafuni, weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza juu ya kitambaa, funga, na kila yanapopoa yabadilishe. Vipande vitajiachia vyenyewe, uvivute kwa mkono. Chumvi, ambayo baadhi yetu hunyunyiza ili barafu ilegee haraka, hutoboa alumini kidogo kidogo bila hata mlio. Zile friji zinazojiyeyusha zenyewe hazihitaji shughuli hii. Zina hita na feni ndani. Ukiona hizo nazo zimejenga barafu kwenye ukuta wa nyuma, ujue kimojawapo kimekufa, au mlango haushiki.

Kuhusu mlango kutoshika, chukua noti, yoyote uliyo nayo, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha uivute. Ikitoka bila kubishana, mpira umechoka mahali hapo. Zunguka mlango mzima. Mara nyingi mpira si mbovu, ni mchafu tu: juisi ya ukwaju imekaukia kwenye mikunjo na sumaku haigusi. Mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kitambaa kikavu. Uliojikunja unaweza kulainishwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kurudishwa umbo lake. Madoa meusi ya ukungu yasikutie hasira ukaumwagia jiki kavu kavu. Huukausha mpira ukapasuka. Na kwa kuwa kila anayesafisha friji siku hizi ameshaelezwa habari za siki, nasi tuseme: siki kidogo kwenye maji inaondoa harufu vizuri sana, ila isikutane na jiki hata siku moja, kwani gesi inayotoka hapo inachoma mapafu.

Kuosha ndani hakuhitaji maneno mengi. Sabuni ya vyombo, sifongo laini, na kamwe si nyuzi za chuma, zinazochora plastiki na kuacha mifereji ya kufugia uchafu. Rafu za kioo zipoe kwanza, maana yake zipate joto la chumba, kabla hazijaguswa na maji ya moto. Kioo cha baridi hupasuka. Kausha kabla ya kurudisha. Harufu ya dagaa na ya samaki wabichi hung'ang'ania hata baada ya kuosha, na vipande viwili vya mkaa mkavu kwenye kisahani, vikikaa siku kadhaa, huipunguza.

Mpangilio wa vyakula ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu hauhitaji pesa. Nyama na samaki wabichi wakae chini kabisa ndani ya chombo chenye mfuniko, ili damu isidondokee kachumbari. Maziwa tunayaweka mlangoni, mahali penye joto kuliko pote, yarudi ndani. Ndizi, vitunguu, viazi na maembe ambayo hayajaiva hayana kazi humo, yanajaza nafasi tu, na ndizi hulipa kwa kuwa nyeusi. Mwenye insulini aiweke rafu ya kati, mbali na friza na mbali na ukuta wa nyuma, kwani ikiganda haifai tena. Inataka nyuzi 2 hadi 8. Na ile sufuria ya wali au maharage ya usiku isiachwe mezani hadi asubuhi kwa hoja kwamba "bado ya moto". Katika joto letu bakteria wa wali, ambao mbegu zao haziuawi na kupika, wanahitaji saa chache tu. Igawe kwenye vyombo vidogo visivyo na kina, ikipungua moto iingie, isizidi saa mbili tangu ipikwe.

Kitufe cha kurekebisha baridi nacho huchanganya watu. Namba kubwa ni baridi zaidi. Friji inatakiwa iwe nyuzi 4 au chini yake kidogo, friza nyuzi 18 chini ya sifuri, na hakuna namba kwenye kile kitufe inayokuambia umefika. Kipimajoto kidogo kikilala usiku ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati kitakuambia.

Mama anayeuza barafu na lambalamba za ubuyu ana sheria zake, na wengi wao wanazijua kuliko sisi waandishi. Kitufe chake kiko kwenye namba ya mwisho mwaka mzima, na mlango hufunguliwa kila mtoto anapogonga geti. Kwake friza ya kulala ni bora kuliko ya kusimama, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, mfuniko ukifunguliwa inabaki chini. Wenye ujanja hutoa barafu za mchana asubuhi mara moja, wakaziweka kwenye kulibaksi, wakauzia humo, na maji mapya huyapanga jioni yakiwa yameshachemshwa na kupoa. Kuku wa nyumbani wasilale kwenye friza hiyo.

Umeme ukikatika, usifungue. Friji iliyofungwa hutunza baridi saa nne hivi. Friza iliyojaa huenda saa 48, iliyojaa nusu saa 24, kwa hiyo chupa za maji yaliyoganda zinazojaza mapengo zina kazi kubwa. Hatari kwa mashine ni dakika umeme unaporudi, unapokuja mkali, ukakatika, ukaja tena. Kompresa iliyosimama ghafla ina mgandamizo mkubwa upande mmoja na haiwezi kuanza mara moja. Hunguruma, hupata moto, hujikata. Ngoja dakika tano kabla ya kuiwasha, au nunua kile kiboksi wanachokiita friji gadi, ambacho hungoja kwa niaba yako na hukata umeme ukiwa mdogo mno au mwingi mno kuliko volti 230 za kawaida. Bei yake na bei ya kompresa hazikai kwenye meza moja. Vilevile ukihama, friji isafiri imesimama kwenye kirikuu. Ikilazimika kulazwa, mafuta ya kompresa huingia mabombani, basi ikifika iache imesimama usiku mzima kabla ya kuichomeka.

Siku fundi anapokuja, neno la kwanza utakalosikia ni gesi. "Gesi imeisha, mama." Gesi ya friji haiishi kama ya kupikia, mfumo umefungwa, na kiasi kile kile kilichotiwa kiwandani ndicho kinachozunguka miaka yote. Ikipungua, pana tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu atarudi, na utalipa tena. Muulize pia anatia gesi gani, kisha soma kibandiko cha kompresa. R12 ya zamani iliondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa ilikuwa inaila tabaka la ozoni. R134a iliyokuja baada yake haiili ozoni, lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, na Oktoba 2016 nchi zilikubaliana hapo jirani Kigali kuipunguza pamoja na jamaa zake. Friji nyingi mpya zina R600a, ambayo ni jamii ya gesi ya kupikia. Inawaka. Ni gramu chache tu, lakini fundi anayewasha tochi ya kuchomelea sebuleni, madirisha yamefungwa na bomba halijatolewa gesi yote, mwombe ahamie uani.

Friji iliyokufa kabisa haitupwi huku kwetu. Inakuwa kabati la vyombo, la madaftari, la unga usioliwa na panya, au inalala uani ikingoja wanunuzi wa chuma chakavu, ambao huifuata kompresa kwa ajili ya shaba iliyomo. Kabla haijafika uani, ng'oa mlango. Friji za zamani zenye komeo la nje, na zile friza za dukani zinazofungwa kwa kufuli, hazifunguki kwa ndani, na hewa iliyomo ni kidogo. Watoto wanaocheza kombolela hawajui hilo. Marekani watoto walikufa hivyo mpaka mwaka 1956 ikatungwa sheria kwamba kila friji ya nyumbani ifunguke kwa ndani. Mtumba uliopo uani kwako huenda haujui sheria hiyo. Bawaba zimeshikwa na skrubu chache, bisibisi au spana ndogo inazitosha, na mnunuzi wa chuma ataupima mlango nao kwenye mizani yake.